Jirani wa Kupangiwa

Kijiji cha Nyamisindwe,
S.L.P. Kibondo.
3 Novemba 1974

Dada yangu Josephina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hata kabla hujakaa chini. Sisi huku tunapumua, isipokuwa mtoto anakohoa, na mke wangu alikanyaga msumari siku ya kuhama, bado anachechemea. Mdogo wetu Bazilio ni mzima na anaendelea kula kwa niaba ya watu watatu. Mama anaendeleaje na macho yake? Mwambie ile shuka ilifika na imetufaa sana.

Huko Muyama bila shaka mmesikia kwamba tumehamishwa. Mgambo walifika kilimani asubuhi, uji ukiwa jikoni. Walituacha tutoe vyungu na kuku, kisha wakatia moto nyasi za paa mbele ya macho yetu ili tusipate pa kurudi. Bazilio alishika panga. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili ya mbele yakaenda. Sasa akicheka anafunika mdomo, na anasema hataoa mpaka yaote mengine.

Lori lilitushusha hapa tambarare. Tulikuta vigingi vimeshapigiliwa mstari ulionyooka, kila kigingi nyumba moja. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anaonyesha kwa kidole tu, wewe hapa, wewe pale. Upande wetu wa kushoto hakuna mtu bado. Upande wa kulia jirani yetu anaitwa Reverien, alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa amembeba mama yake mgongoni, mkewe nyuma yake. Nyumba zetu zimekaribiana mno, nikipiga chafya yeye ndiye anayeniombea afya.

Mwezi uliopita nyumba yake iliungua na mama yake akafariki; ameshaezeka upya pale pale. Hizo ndizo habari za huku. Nisalimie wote, na Longinus mwanao mwambie mjomba anamkumbuka.

Ndimi mdogo wako,
Didas

*

Muyama,
Kasulu.
1 Desemba 1974

Mdogo wangu Didas,

Milele amina. Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta wa basi, imelowa, lakini inasomeka. Mama macho yake ni yale yale, anamtambua mtu kwa sauti na kuku kwa jina. Longinus amemaliza mafunzo ya mgambo na amerudi na shingo nene na maneno machache. Sisi hatukuhamishwa mbali, barabara ilikuwa imeshatukuta hapa hapa.

Nimelia kwa ajili ya nyumba ya baba. Meno ya Bazilio yameniuma kuliko nyumba. Mwambie wapo wazee wengi vibogoyo waliooa na kuzaa, sembuse yeye kijana.

Sasa nikugombeze. Umeandika "jirani yetu Reverien". Nani amekufundisha kulitumia neno hilo ovyo, mwalimu wa kisomo? Najua, kwa Kiswahili cha redio jirani ni yule aliye kando yako. Basi choo changu ni jirani yangu, na mgomba ulio dirishani ni jirani yangu. Sisi kwetu tunasema umubanyi, na maana yake uliijua kabla hujajua kufunga kaptura. Ntahondi alikuwa ng'ambo ya bonde, tulikuwa tunaona moshi wake tu. Jirani yetu alikuwa yeye. Baba alipoingia nyumba mpya alipika pombe ya ndizi, akampa Ntahondi mrija wa kwanza, mashemeji wanatazama, akamwambia mbele ya watu wote: "Ukisikia, uje." Na Ntahondi akamrudishia: "Ukinisikia, nawe uje."

Umesahau siku wezi walipokuja kuchukua ng'ombe? Baba alipiga yowe moja. Ntahondi alishuka bonde na kupanda pekupeku na mkuki wake, akachomwa paja, akachechemea mpaka anakufa. Wapo waliokuwa karibu zaidi ambao hawakutoka. Hakuna aliyewalaumu, hawakuwa wamepewa mrija.

Kwa hiyo nakuuliza: umepika pombe ya kuingia nyumba? Kama bado, huyo Reverien ni mtu aliyewekwa kando yako na serikali. Pika upesi, halafu ndiyo uniandikie jirani.

Mama anakubariki.

Dada yako,
Josephina

*

Nyamisindwe, Kibondo.
20 Februari 1975

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mama hajambo, na Longinus hajambo, na migomba imezaa. Mvua huku ni nyingi. Mtoto kikohozi kimepungua baada ya kuchomwa sindano.

Uliniuliza habari ya pombe. Sikupika. Hakuna aliyepika kijiji kizima. Mtu akipika pombe ya kuingia nyumba ina maana amekubali ni nyumba yake, na hakuna aliyekubali.

Dada, kaa chini. Kama mama yupo karibu, toka nje usome.

Bazilio amefariki. Ilikuwa Jumapili mchana. Mbuzi wake alikata kamba akaingia kwenye miche ya mihogo ya mtu wa mstari wa nyuma anayeitwa Dadi. Kule kilimani mbuzi angetembea nusu siku kabla hajafika shamba la mtu. Hapa ni hatua tu. Dadi akaja na panga, akamchinja mbuzi kwanza, pale pale uani kwetu. Bazilio akamcheka. Hakufunika mdomo. Dadi akamkata shingoni, kisha kichwani, kisha mikono aliyokuwa anajikingia. Mimi na mke wangu tulikuwa tumempeleka mtoto hospitali ya Kibondo. Tuliporudi alikuwa amefunikwa blanketi na nzi wameshafika.

Dadi hakukimbia. Walimkuta kisimani anaosha panga, polisi wakamchukua.

Tumemzika. Nilichimba mwenyewe. Sina zaidi ya hapo.

Didas

*

Muyama.
16 Machi 1975

Didas,

Sikutoka nje kusoma. Mama alisikia pumzi yangu ikibadilika, akajua. Hakulia. Alilala upande siku nzima, kesho yake akaamka akataka uji, akaniuliza: "Nani alikuja?" Nikamwambia sijui, mama. Kesho yake akauliza tena. Kila asubuhi anauliza hivyo kabla hata ya kuniamkia.

Habari nyingine sina. Migomba imezaa na sijaikata.

Didas, nimeisoma barua yako mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Umeniandikia mbuzi, umeniandikia mihogo, umeniandikia nzi. Hukuniandikia yowe. Bazilio alikuwa akiita ng'ombe kutoka kilima cha pili na wanageuka. Mtu wa sauti ile akatwe panga tatu, nne, mchana, Jumapili, watu wakiwa majumbani wametoka misa, na asisikike? Mmepangwa mstari. Ulisema mwenyewe chafya inasikika.

Nani alisikia? Nani alikuja? Nijibu hayo mawili, sitaki kingine.

Josephina

*

Nyamisindwe.
13 Aprili 1975

Dada Josephina,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka tuliila kwa mihogo mikavu. Mke wangu ana mimba, tumwombe Mungu. Barabara ilikatika ndiyo maana nimechelewa.

Alisikika. Mstari mzima ulimsikia, na hakuja mtu. Nimezunguka kila nyumba nikauliza, wananitazama miguu. Kila mmoja anasema alidhani mwingine ametoka.

Reverien alikuwa kwake. Hilo nalijua kwa mke wa balozi, aliyekuwa akipita njiani. Bazilio alimwita kwa jina, mara mbili. Reverien alisimama mlangoni kwake, kisha akafunga mlango.

Lakini dada, huyo hakunywa mrija wetu. Wewe mwenyewe uliandika kwamba wasiopewa mrija hawalaumiwi. Naomba ulitie moyoni neno lako hilo.

Mwambie mama hakuna aliyekuja. Au usimwambie. Utaona mwenyewe.

Didas

*

Muyama.
4 Mei 1975

We Didas,

Salamu zangu fupi, hongera ya mimba, Mungu amlinde mkeo. Mama amekonda.

Usinirudishie maneno yangu! Kule kilimani asiyenywa alikuwa na kichaka kati yake na wewe, na mto, na mvua. Angeweza kusema upepo ulichukua sauti. Huyu alikuwa mlangoni. Alimwona. Damu ya mdogo wangu aliinusa kwa pua yake, halafu leo unamtetea kwa mrija? Ulilitaka neno jirani la redio, la kuwekwa kando kando. Haya, litumie sasa. Alikuwa kando yake. Basi ni jirani, na alaumiwe kama jirani.

Dadi simtaki. Dadi yuko mahabusu na serikali itamnyonga kwa wakati wake. Huyo alikuwa na hasira, na hasira naijua, ninayo nyumbani hapa. Namtaka aliyefunga mlango bila hasira yoyote.

Sikiliza ninachokuagiza. Usimsalimie. Usimpe moto wala usichukue moto kwake. Panda ua wa miiba kati yenu, mnene, asipite hata kifaranga. Na ukishaupanda, ufanye ambalo baba angelifanya. Sikuandikii ni lipi. Una mikono miwili na panga la baba ninalo mimi hapa, nikiona wewe umechelewa nitajua la kufanya nalo.

Mama ameuliza tena leo.

Josephina

*

Nyamisindwe.
22 Juni 1975

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumevuna maharage kidogo. Mke wangu anatapika lakini anatembea. Basi halikuja majuma kadhaa, barua hii inakaa posta mpaka litengenezwe.

Ua nimepanda kama ulivyoagiza. Miiba imeshika. Reverien alinitazama nikichimba, jioni akahamisha kiti chake upande wa pili wa nyumba.

Na lile jingine nilikwenda kulifanya. Nisikudanganye, nilikwenda. Nilinoa panga langu, nikazunguka ua, nikamkuta ameinama anapalilia viazi, mgongo wake wote uko mbele yangu. Alinisikia. Hakugeuka. Aliacha tu kupalilia akabaki ameinama vile vile, ananingoja. Dada, nilirudi. Nilitapika kuliko mke wangu.

Kuna jambo sikuliandika kwa sababu Bazilio ni marehemu na wewe ndiye uliyemlea. Sasa naliandika.

Ule moto wa Oktoba ulianza mchana, kwenye paa. Mimi nilikuwa shamba la mbali. Mama yake Reverien alikuwa amelala ndani peke yake, miguu haifanyi kazi. Reverien alikuwa anakuja kutoka kisimani akaona moshi, akapiga yowe huku anakimbia. Bazilio alikuwa ameketi uani kwetu anamenya mihogo. Reverien alimwita kwa jina. Bazilio ndiye aliyekuwa karibu na ule mlango kuliko mtu yeyote duniani. Hakuinuka. Alimjibu kwa sauti, mke wa balozi akasikia na mtaa wote ukasikia: "Mimi sikukupa mrija." Akaendelea kumenya. Paa likaanguka.

Yule mama alivushwa mto Malagarasi mgongoni kwa mwanawe, risasi zinalia nyuma, akafika mzima. Akafia kando ya Bazilio wetu.

Kwa hiyo ukiuliza Reverien alikuwa anafikiri nini pale mlangoni, mimi nadhani najua. Na ukiuliza nani wa kulaumiwa, sijui tena. Bazilio alikuwa mkali tangu walipomvunja meno. Hakutaka kumjua mtu yeyote hapa. Nampenda na namlilia kila siku, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tafadhali, dada, liache panga la baba lilipo.

Didas

*

Muyama.
29 Juni 1975

Mdogo wangu mpendwa Didas,

Natumai hamjambo nyote na mimba inakua vizuri. Sisi hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri. Migomba nimeikata hatimaye.

Sijapata jibu lako lolote, basi nadhani una shughuli nyingi. Sikulaumu. Wewe tangu utotoni ulikuwa wa kutafuna jambo bila kulimeza.

Longinus anakuja kuwasalimia. Amebeba maharage ya mama na vitu vingine vidogo. Ni mtoto mzuri, mpokeeni, mumlaze pazuri. Anataka kuona kaburi la mjomba wake. Umwonyeshe na majirani, yupi anakaa wapi, asije akapotea kijiji kigeni.

Mama anakubariki. Asubuhi ya leo hakuuliza, kwa sababu alimsikia Longinus akinoa.

Wako,
Josephina

*

Hospitali, Kibondo.
27 Julai 1975

Dada Josephina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko huu huujui, usiutafute. Mimi Didas ninasema na mwingine anaandika. Mke wangu hajambo, mimba iko salama. Mama asalimiwe sana.

Longinus alifika na maharage. Alikula, alilala, alikuwa na adabu. Asubuhi alinisindikiza kaburini kwa Bazilio, akapiga magoti, nikafurahi. Tuliporudi akaniuliza, "Mjomba, nyumba ile ya ua wa miiba ndiyo yake?" Nikasema ndiyo, kabla sijafikiri. Akatoa panga la baba kutoka kwenye gunia la maharage.

Nilimkumbatia kwa nyuma. Ana nguvu kuliko mimi, wewe unamjua. Nilimwambia maneno yote niliyokuandikia mwezi wa Juni, akasema hakuna barua kama hiyo, kwamba natunga, kwamba mimi ni mke wa Reverien. Akajinasua. Nikashika mkono wenye panga. Pigo la kwanza lilipita kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, sikusikia maumivu, niliona tu kitu kinaning'inia. La pili lilinipata begani. Nikaanguka, na yeye akawa anapiga huku analia, anasema "Mjomba, niachie, mjomba, niachie," wakati mimi sikuwa nimeshika kitu tena. Nadhani hakuwa ananiona. Alikuwa mtoto wakati nilipokuwa nambeba kwenda kisimani, dada. Analia vile vile mpaka leo.

Nikapiga yowe. Sikumwita mtu. Ningemwita nani?

Milango ya mstari ule nikaisikia, mmoja baada ya mwingine, inafungwa. Halafu nikasikia ua unavunjika. Mtu hakuzunguka, alipita katikati ya miiba niliyopanda mwenyewe, uso na kifua vimechanika, mkononi ana mpini wa jembe. Longinus aliyekuwa amemfuata yeye kutoka Kasulu kote kule akamgeukia, na yule mtu badala ya kukimbia akaja. Alimpiga mkononi panga likaruka. Longinus akakimbilia mihogoni, hatukumwona tena. Hapo ndipo milango ilipofunguka na wengine wakatoka. Walinibeba wote.

Nilifungwa majeraha kwa kanga ya mke wa mtu huyo na kuletwa hospitali nimelala kwenye baiskeli yake. Mkono walishindwa kuuokoa. Polisi walikuja kuuliza nani, nimenyamaza. Yeye pia wakamuuliza, akasema mwenye mkono ndiye aseme.

Mama anauliza kila asubuhi nani alikuja. Mwambie alikuja Reverien. Ndiye anayekuandikia barua hii.

Didas

Mama Longinus, sasa ni mimi mwenyewe Reverien, naongeza yangu. Ndugu yako amelala. Siku ya Bazilio nilisikia. Nilisimama mlangoni, nikaona, nikamkumbuka mama yangu, nikafunga. Nilifurahi, nakwambia kweli, na furaha ile imeniozea tumboni mpaka leo. Siku hii nilisikia tena na miguu ikaenda, mimi sikuituma. Usinishukuru. Na mimi sikuombi radhi. Kijana wako nilimpiga chini ya kiwiko na mfupa ulilia. Mtafutie mtu anayejua kuunga mifupa, asije akapooza.

*

Muyama.
17 Agosti 1975

Mdogo wangu Didas, na wewe uliyeniandikia alipolala,

Milele amina. Mama hajambo. Amekula.

Barua yako ya Juni ilinifikia Longinus akiwa ameshaondoka. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilikimbia mpaka Kasulu mjini na kanga moja, nikafika stendi, basi la Kibondo lilikuwa limeondoka asubuhi ya jana yake, na jingine halipo mpaka juma lijalo. Nilimwuliza kila dereva. Mmoja akaniambia, mama, mwanao akifika si atakuandikia? Nikakaa chini pale kwenye matope ya stendi, watu wakanipita.

Longinus alirudi kwa miguu, sijui kapita wapi, mkono umevimba hauingii kwenye shati. Akapita moja kwa moja kwenda kulala. Nilipopata barua ya hospitali nilimwita, nikamsomea yote, mpaka maneno ya chini. Aliposikia kifundo cha mkono alijificha nyuma ya mama yangu, mtu mzima yule, akamshika nguo.

Mfupa umeungwa. Ulipoanza kushika nilimpeleka polisi Kasulu mwenyewe, nimemshika mkono mzima. Nikawaambia panga nilimpa mimi na mtu nilimchagua mimi. Jina lake wameliandika, langu wamelikataa, wakaniambia mama nenda nyumbani, una uchungu. Nimerudi nyumbani peke yangu. Ninao uchungu, na hawakukosea. Nilikutuma umuue mtu kwa sababu ya mlango, na kumbe mlango wa kwanza tuliufunga sisi, na nilikuwa nimeshakuandikia barua nzima ya kuusifu. Mkono wako ninauona nikimenya ndizi, nikifunga mlango, nikilala. Nitauona mpaka nife. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Mama alipouliza asubuhi, nikamjibu kwa mara ya kwanza. Nikasema, alikuja Reverien. Akauacha uji ukapoa. Kisha akauliza, "Amepewa mrija?"

Nikasema bado, mama.

Ndizi nimezifukia leo ziive. Nitakuja nazo mimi mwenyewe, tutazikamulia huko huko kwenye nyumba yako, ya kigingi au isiwe ya kigingi, umeshamwaga damu hapo na ni yako. Pale uani niachieni nafasi ya kuweka mtungi.

Ule ua nilioagiza upandwe, ung'oe wote kabla sijafika. Mkono huna, basi mwombe Reverien.

Dada yako,
Josephina